Hapo Chini ya Kidevu

Nsemulwa, Mpanda
3 Juni 2024

Baba Mkubwa Yotham,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mizinga imetulia, na lile goti halikusumbui na baridi hii ya Juni. Sisi huku Nsemulwa tupo. Upendo anakusalimia sana, na amenilazimisha niandike kwamba sasa anakula vizuri, maana Pasaka ulimwambia amekonda kama kuku wa kipupwe.

Habari kubwa ni yake. Wazee wa mchumba wake, Nyanda, wamekuja, mambo yote yamekwenda salama, na siku imepangwa: Jumamosi tarehe 28 Septemba, hapa mjini kanisani. Baba yetu Malale angekuwa hai, yeye ndiye angemshika mkono binti yake na kumwingiza kanisani. Hayupo, na mama hayupo, na wewe na Mama Mkubwa ndio mliotulea tangu tukiwa hatujui kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo mkono ni wako. Upendo hataki hata kusikia jina la mtu mwingine.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako haipatikani. Mwanzo nilidhani ni mtandao, halafu nikadhani ni chaji. Sasa ni wiki ya tatu. Nimempigia jirani yako Scola, akaniambia, "Mzee yupo, mzima, anakula," halafu akakata kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Scola unamjua, huwa hakati simu mpaka salio limwishie.

Baba Mkubwa, isije ikawa ni kile kipindi changu cha asubuhi. Mada ya siku ile ilikuwa "Unasikiliza nini unaponyoa ndevu?" Mada nyepesi tu, ya kuwaamshia watu. Dereva mmoja wa lori alipiga simu akasema yeye husikiliza mpira wa jana, na timu yake ikiwa imefungwa hujikata. Mwalimu mmoja wa Katumba akasema husikiliza matangazo ya vifo ili ajue kama ananyoa kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya msiba. Watu walicheka sana. Halafu simu zikakauka, na redio ikikaa kimya mtangazaji anaonekana hajui kazi, ndipo nikachomekea kisa cha mzee mmoja wa huko Mlele. Sikutaja jina. Sikutaja kijiji. Kama kuna mtu amekuambia nilikutaja, ametia chumvi, na utani wa redio unaishia redioni.

Washa simu basi, tupange safari yako ya Septemba.

Mwanao,
Hilari


Inyonga
29 Juni 2024

Mwanangu Hilari,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Kashinje wa bodaboda aliichukua stendi kwa kondakta akaniletea hadi mlangoni, ikiwa imekunjwa na kukunjuliwa, nadhani na wengine njiani wamezipata salamu zako. Goti halijambo. Tumeanza kurina, na asali ya mwaka huu ni nyeusi na nzito, ile ambayo Mama yako Mkubwa alikuwa anaificha wageni wasiione. Mbuzi wa Scola amezaa mapacha. Nimefurahi sana kwa habari ya Upendo na Nyanda, na nimewaombea.

Simu yangu haina ubaya wowote. Nimeizima. Ilikuwa inalia tangu alfajiri, na kila aliyepiga alikuwa na neno lilelile.

Unasema hukutaja jina. Ni kweli, nilikuwa nakusikiliza, hukutaja. Ulisema ni mzee wa kanisa, mrina asali, jicho moja limekufa na la pili halioni kioo, mkewe marehemu alikuwa Mfipa. Sasa niambie, hapa Inyonga watu wangemtafuta nani mwingine? Kabla ya kusema hayo ulikuwa umekwisha kuiga sauti. "Mume wangu wee, umeacha! Hapo chini ya kidevu! Utasimama mbele ya watu kama mbuzi wa jirani?" Uliiga vizuri, Hilari. Uliyavuta maneno palepale alipokuwa anayavuta yeye.

Kuna mambo hukuwaambia wasikilizaji wako, labda kwa sababu hayachekeshi. Hukuwaambia kwamba jicho langu lilipoanza kufifia, likawa linasoma karatasi iliyosogezwa puani lakini kwenye kioo linaona ukungu, ni Mama yako Mkubwa Pudensiana aliyekaa mbele yangu kila asubuhi na kunielekeza wembe: panda, shuka, rudi, hapo umeacha. Hukuwaambia kwamba alipokwenda Sumbawanga kumuuguza dada yake alisema hataki akirudi asikie nilisimama kanisani kusoma matangazo na viraka usoni. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akashika simu, akajirekodi, akaizunguka sura yangu yote kwa maneno, kuanzia shavu la kulia mpaka shingoni, akiniachia nafasi ya mkono kila mahali. Kijana wa simu akaihamishia kwenye memori, mimi nikaiweka kwenye redio. Alirudi kutoka Sumbawanga akanikuta msafi, akafurahi. Alipofariki, mwaka juzi, ile memori ikabaki pale pale ilipo. Niliendelea kunyoa.

Sasa mama muuza dagaa akiniona anasema, "Mzee, hapo chini ya kidevu!" Watoto wanaotoka shule wanasema. Nilikwenda kwa kinyozi, yule wa karibu na stendi, nikadhani nitalipa nikae kimya nimalize. Alipofika chini ya kidevu mkono wake ulisimama. Nikamwona anauma midomo asicheke, na wale waliokaa kwenye benchi wakaangalia chini wote kwa pamoja. Niliinuka na povu langu usoni nikarudi nyumbani hivyohivyo, barabara nzima.

Na nyie huko mmeifanya ile sauti kuwa kibwagizo. Inapigwa kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Najua kwa sababu jirani upande wa pili ana redio kubwa.

Sinyoi tena. Kwetu mtu akiachia ndevu hivi, amefiwa. Wiki iliyopita walikuja wageni wawili kutoka Ilunde kununua asali, wakavua kofia, wakanipa pole, wakauliza ni nani. Nikasema ahsanteni.

Septemba siwezi kuja. Mtafutieni Upendo mtu mwingine wa kumshika mkono. Mwambie ni goti.

Mimi baba yako,
Yotham


Nsemulwa, Mpanda
13 Julai 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo sana. Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nikatoka nje nikakaa kwenye gogo la mgahawa hadi chai ikapoa. Upendo hajambo, ameshapata kitambaa cha wasimamizi, cha rangi ya maji ya bahari, ingawa bahari hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Goti lako nimemwambia. Aliniangalia tu, akaendelea kupiga pasi.

Nisamehe kama uliumia. Nilidhani ni kisa kitamu cha mapenzi ya wazee, na baadhi ya wasikilizaji walikipokea hivyo. Kuna mama alipiga kutoka Majimoto akasema angependa mumewe amkumbuke namna hiyo. Kibwagizo si mimi niliyekitengeneza, ni wazo la mkuu wa vipindi. Nilifikiri kumwambia akitoe, lakini amenipa kipindi cha asubuhi kiwe changu kabisa, tangu mwezi jana, si kwa kushikilia tu kama mwanzo, na unajua nilivyohangaika na vile vipindi vya mchana ambavyo hasikilizi mtu isipokuwa fundi baiskeli. Naomba uvumilie kidogo, watu watachoka nacho wenyewe. Ukitaka, nitaomba radhi hewani. Nitasema yule mzee ni mtu wa heshima zake.

Pamoja na barua hii kuna boksi. Ndani yake ni mashine ya kunyolea ya chaji. Hii haihitaji kioo wala maelekezo, unaipitisha tu usoni kama unavyopangusa jasho, haikati. Ukichaji kwa Scola inakaa na moto wiki nzima. Au ukipenda, weka memori yako kama kawaida, funga mlango, nyoa, panda basi uje. Nani atajua? Ndevu ni ndevu tu, Baba Mkubwa. Usimwadhibu Upendo kwa kosa la redio.

Mwanao,
Hilari


Inyonga
10 Agosti 2024

Hilari,

Marahaba. Hapa kwetu wazima. Jua kali, moto wa msituni umepita karibu na mizinga ya juu lakini tumeuwahi.

Mashine nairudisha kwa kondakta yuleyule. Inanguruma mpaka mtu hasikii kingine.

Kuniomba radhi hewani usithubutu. Walionisahau watanikumbuka.

Unaniambia niweke memori kama kawaida. Memori haipo. Siku ile ile ya kipindi chako, povu likiwa bado usoni, niliichomoa kwenye redio, nikaing'ata mpaka ikavunjika, nikaitupa kwenye moto uliokuwa unachemsha uji. Scola alikuja kuomba kaa la moto akauliza harufu ya nini. Nikamwambia nimeunguza mfuko.

Usiniulize kwa nini. Unaweza kudhani ni kwa ajili ya mama muuza dagaa, au yule kinyozi. Sivyo. Kuna jambo ambalo siliandiki, wala Scola sijamwambia, na kanisani nimeacha kwenda mbele kusoma matangazo kwa ajili yake. Ndevu nazo ni kwa ajili yake.

Upendo ameniandikia. Barua yake nimeisoma nusu nikaiweka chini ya godoro. Mwambie namwombea.

Yotham


Nsemulwa, Mpanda
8 Septemba 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sijui nianze na salamu zipi. Upendo mzima, Nyanda mzima, ukumbi umepatikana, kadi zimegawiwa na jina lako limechapishwa kama baba wa bibi harusi. Tulijua ulichosema. Upendo alisema lichapishwe hivyohivyo.

Barua hii nimeichana mara nyingi. Karibu mwezi mzima nimekaa na yako mfukoni, nikaenda nayo kazini, nikarudi nayo, na kila nikikaa kuandika naishia kwenye salamu. Leo nimetoka ibadani, Upendo amekwenda kwa wakwe, nyumba ni tupu, kwa hiyo naandika moja kwa moja bila kusoma nyuma.

Niliposema ni kisa kitamu, nilikudanganya. Niliposema simu zilikauka ndipo nikachomekea, nilikudanganya pia. Nilikuwa nimejiandaa tangu Pasaka.

Pasaka nililala kwako, chumba cha upande wa uani. Asubuhi nikasikia sauti ya Mama Mkubwa. Nilikurupuka nikakaa kitandani, maana hata ukijua mtu amezikwa, sauti haikuulizi. Nikaenda dirishani. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, povu usoni, redio juu ya ule mzinga mtupu, macho umeyafumba, na yeye anakuelekeza. Nililia, Baba Mkubwa. Hilo ni kweli kabisa. Na hili nalo ni kweli: nikiwa bado nalia, nilichukua simu, nikaiweka kwenye nondo za dirisha, nikarekodi mpaka mwisho. Kichwani nilikuwa nasema, hii ni mada.

Niliirekodi ili niipige hewani. Yaani sauti yake mwenyewe, watu waisikie wakinywa chai. Aliyekataa ni fundi mitambo. Alisema majogoo wamezidi na sauti ni hafifu. Yeye hakukataa kwa huruma, na mimi sikuacha kwa huruma. Niliacha kwa sababu ya majogoo. Ndipo nikasema basi nitamuiga, namjua vizuri, nimeishi naye.

Nimeishi naye. Ni yeye aliyekuwa ananisimamisha jikoni na lile gazeti lililofungia vitumbua, nisome kwa sauti, na nikimeza neno ananirudisha mwanzo. "Hilari, watu hawakuoni, wanakusikia tu. Sema vizuri." Kazi inayonilisha leo ni ile. Nikaitumia kumfanya kichekesho, na nilipoona wenzangu wa studio wanashika mbavu, nikaongeza. Lile la mbuzi wa jirani nililivuta mara mbili.

Uliponiandikia kwamba memori umeichoma, nilikuwa stendi, nimesimama. Nikaenda kukaa ukutani. Nilielewa kwamba sauti ya Mama Mkubwa iliyobaki duniani ni ile iliyo kwenye simu yangu, na iko kwangu kwa wizi. Ningeweza kukuletea wiki ileile. Sikukuletea, kwa sababu kukurudishia ni kukuonyesha nilivyoipata, na nilitamani zaidi unione mpumbavu kuliko unione nilivyo. Mwezi mzima nimekuacha bila sauti yake ili mimi nisionekane. Hilo naliona kubwa kuliko la kipindi.

Kibwagizo kimetolewa. Nilimwambia mkuu wa vipindi yule ni mama yangu. Akasema mbona hukusema tangu mwanzo. Nilivyokazana naye amenirudisha mchana, kwenye kipindi cha salamu. Sikuambii ili unionee huruma, nakuambia ili ukisikia mtu mwingine asubuhi usidhani naumwa.

Ndani ya bahasha hii kuna kiberiti, na ndani ya kiberiti kuna pamba, na ndani ya pamba kuna memori. Nimemkabidhi dereva mkononi, na Kashinje nimempigia ameahidi kusubiri stendi. Haina ubora, utasikia majogoo wako na ndoo inayogongwa. Nilitaka kuifuta kwenye simu yangu, nikaogopa njia ni ndefu. Ikikufika, niambie nifute. Nitafuta siku hiyohiyo.

Sikuombi uje harusini. Sina uso wa kukuomba. Upendo ndiye anayekuomba.

Hilari


Inyonga
21 Septemba 2024

Mwanangu Hilari,

Marahaba. Kashinje alikaa stendi tangu asubuhi, basi lilipata pancha Kanoge, akaniletea jua linazama, hakutaka hata kunywa maji. Kiberiti kimefika hakijafunguliwa. Asali tumemaliza kurina. Scola anakusalimia, pacha mmoja wa mbuzi wake amekufa, mmoja anaruka.

Barua yako nimeisoma yote. Nilikasirika, nisikufiche. Ile ya dirishani ilinichoma, maana nilidhani uani kwangu niko peke yangu. Kile kiberiti nilikiweka juu ya redio, nikakiacha hapo siku kadhaa, nikawa napita kando yake kama kina nyoka.

Sasa nikuandikie lile ambalo sikuliandika, ili usiendelee kubeba na mzigo usio wako.

Asubuhi ile nilikuwa nanyoa. Mama yako Mkubwa alikuwa amemaliza upande wake, nikageuza redio nikusikilize wewe. Hukuwahi kujua hili: kila siku, akishamaliza yeye, mimi hukaa na povu lililobaki masikioni nikikusikiliza mwanangu anavyoongea na mkoa mzima. Nilikuwa najivuna, peke yangu pale kigodani. Basi siku ile ukaanza na sauti, kabla hujaeleza ni ya nani. Mwanamke anamgombeza mumewe, anavuta maneno. Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, Hilari, mpaka povu likaingia mdomoni. Ukarudia lile la mbuzi, nikacheka tena, nikajipiga gotini. Halafu nikamtambua.

Watu wa sokoni walimcheka mke wa mtu. Mimi nilimcheka wangu. Alikuwa ametoka kunielekeza sasa hivi, sauti yake haijapoa, na mimi nikamcheka kama mlevi anayemcheka mgeni. Ningemwekaje tena kwenye redio kesho yake? Angesema, "Anza shavu la kulia," na mimi ningejibu kwa uso gani? Ndiyo maana niliing'ata. Nilipoona watu wananicheka nikaona ni haki yangu, na nikaacha uamini kwamba yote ni yako. Wewe ulijificha mwezi mmoja. Mimi nimejificha nyuma yako tangu Mei.

Juzi asubuhi nilichemsha maji. Nikasema hata kama ni kusutwa, nisutwe. Nikaweka ile memori.

Majogoo ni kweli wamezidi. Lakini kuna kitu hukukiandika, labda hukukisikia, au uliona ni cha kawaida. Katika ile yangu ya zamani, Pudensiana alikuwa peke yake. Anasema, ananyamaza, anasema. Nilijua kile kimya ni nafasi ya mkono wangu. Katika hii ya kwako, kwenye kila kimya nipo mimi. "Wapi?" nasema. Yeye anasema, "Hapo hapo, taratibu." Nasema, "Hapa?" Anasema, "Sogea kidogo." Nasema, "Haya, mama, nimeona." Sikujua, Hilari. Mwaka wa pili huu namjibu kila asubuhi na sikujua kwamba namjibu. Na kwenye lile la mbuzi wa jirani, unajua kuna nini? Kuna mimi nacheka. Kicheko kilekile, na kugonga goti juu yake. Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena nihakikishe. Ni mimi. Kumbe kila siku nilikuwa namcheka pale, na yeye ameniachia nafasi ya kucheka, kwa sababu alijua nitacheka.

Niliweka wembe chini nikalia mpaka maji yakapoa. Nikachemsha mengine.

Scola alikuja kuomba kaa la moto, kama kawaida yake. Nilipomaliza nikamkuta amesimama nje ya uzio, kopo lake mkononi. Nikamuuliza mbona hakubisha hodi. Akasema hakutaka kutukatiza.

Ndevu sasa hazipo. Zilikuwa ngumu, zimemaliza nyembe mbili. Nikienda sokoni mama muuza dagaa akisema lile neno lake nitamwambia ndiyo, ni la mke wangu. Barua ya Upendo nimeitoa chini ya godoro nikaimaliza. Mwambie goti limepona, nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi, na nina ndoo ya asali nyeusi ambayo wageni hawataiona.

Ile iliyo kwenye simu yako usiifute. Na usiipige hewani.

Jumamosi nitanyolea hapo kwenu uani, kabla ya kwenda kanisani. Redio nitakuja nayo. Niwekee kigoda, na wewe ukae mbele yangu pale anapokaaga yeye, uniangalie, maana harusini kuna watu wengi. Nikiacha mahali ambapo yeye hakupasema, niambie wewe. Niambie kwa sauti yako.

Baba yako,
Yotham